Wembe Mmoja, Banda Moja: Kuhasi Watoto wa Nguruwe Bila Hasara

Hotuba kwa wafugaji wadogo wa nguruwe wa Voi na Kaunti ya Taita Taveta



Mazungumzo ya leo ni juu ya kazi ya dakika chache tu. Hata hivyo, kazi hiyo inaweza kuamua kama nguruwe atauzwa kwa bei nzuri, atakataliwa buchani, au atakufa hata kabla ya kuachishwa kunyonya. Ni kazi ya kuhasi madume. Na kwa mfugaji wa Voi, anayeishi jirani na mbuga ya Tsavo, wembe unaotumika ni jambo zito kuliko wengi wanavyodhani.

Kwanza, kwa nini dume ahasiwe? Anapokaribia kupevuka, kwenye miezi mitano au sita, korodani zake hutengeneza kemikali iitwayo androstenoni, ambayo hujikusanya katika mafuta. Nyingine, skatoli, hutokana na bakteria wa tumboni, nayo huwa nyingi zaidi kwa dume asiyehasiwa. Nyama ikiwa mbichi na baridi, harufu haijitokezi sana. Ikiingia kwenye sufuria, jikoni hakukaliki. Kuna watu ambao pua zao haziisikii kabisa androstenoni. Kwa hiyo mfugaji anaweza kuapa kwamba nyama yake ni safi, na mteja akairudisha siku hiyo hiyo, na wote wawili wakawa wanasema kweli.

Kuna nchi ambako wafugaji wengi hawahasi. Uingereza ni mojawapo, kwa sababu nguruwe wao huchinjwa mapema, kabla hawajapevuka. Faida yao ni kwamba dume asiyehasiwa hukua haraka na huwa na mafuta machache. Lakini mfugaji mdogo wa Mbololo au Sagalla hulisha pumba, mabaki ya mboga na makombo ya hotelini. Nguruwe wake mara nyingi huchelewa kufikia uzito wa kuuzwa. Kufikia hapo dume ameshapevuka, anapigana na wenzake na anapanda dada zake, na banda linajaa watoto wa ndugu kwa ndugu. Mfugaji wa namna hiyo ndiye anayefaidika kwa kuhasi.

Wakati unaofaa ni wiki mbili za kwanza. Mtoto wa nguruwe wa umri huo ni rahisi kushikwa, jeraha lake ni dogo na hupona upesi. Asihasiwe siku ya kuachishwa kunyonya, wala akiwa anaharisha au amedhoofu. Kabla ya kukata, mfugaji achague dume atakayebaki wa mbegu, kama anamhitaji.

Kisha kila mtoto akaguliwe. Mfuko wa korodani ukiwa umevimba kuliko kawaida, hasa anapolia, huenda utumbo umeshuka ndani yake. Huyo asiguswe, maana akikatwa utumbo hutoka nje. Mwenye korodani moja tu inayoonekana naye aachiwe daktari wa mifugo.

Kazi ifanywe asubuhi mapema. Joto la Voi na nzi wa mchana si rafiki wa kidonda. Mama yao atengwe mbali, nyuma ya mlango imara, kwa sababu akisikia kilio atamvamia yeyote. Watu wawe wawili: mmoja ashike miguu ya nyuma, mwingine akate. Mikono ioshwe kwa sabuni, na mfuko wa korodani usafishwe kwa maji, sabuni na iodini. Vidonda viwe viwili vidogo, upande wa chini, ili uchafu upate njia ya kutoka. Korodani ikishavutwa nje, mshipa wake ukwanguliwe kwa wembe hadi uachie, wala usikatwe kwa mara moja, kwa kuwa kukwangua hupunguza damu. Kidonda hakishonwi. Hupakwa dawa ya kuua vijidudu, na mtoto hurudishwa kwenye matandiko makavu na safi.

Asiyewahi kufanya kazi hii asijifunzie peke yake. Mara ya kwanza aifanye akiwa na afisa wa mifugo wa wadi.

Tena, isisemwe kwamba mtoto mchanga hasikii maumivu. Anasikia. Ujerumani, tangu mwaka 2021, sheria imekataza kuhasi watoto wa nguruwe bila ganzi. Hapa kwetu pia daktari wa mifugo anaweza kuulizwa kuhusu ganzi na dawa ya maumivu, naye ndiye wa kueleza ni dawa gani na kiasi gani.

Baada ya hapo watoto waangaliwe kwa saa nzima, kisha kila siku kwa wiki moja. Damu isiyokoma, uvimbe, usaha, au mtoto asiyenyonya ni sababu ya kuita mtaalamu. Akikakamaa mwili na masikio yakasimama, huenda ni pepopunda, ugonjwa unaoingia kwa kidonda kichafu.

Sasa turudi kwenye wembe. Vijijini, mtu mmoja anayejua kuhasi huitwa boma hadi boma, naye hufika na kisu chake mfukoni. Hapo ndipo hatari ilipo. Homa ya nguruwe ya Afrika ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1921, na ilielezwa kutoka hapa hapa Kenya. Virusi vyake huishi ndani ya ngiri na kupe laini wa mashimo yao, na ngiri mwenyewe haugui. Mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi zinachukua zaidi ya nusu ya eneo la kaunti hii. Ngiri hawajui mpaka wa shamba.

Ugonjwa huu haumpati binadamu, lakini unaweza kumaliza banda zima. Hauna tiba. Virusi hudumu muda mrefu katika damu, na tone lililokaukia kwenye kisu linatosha kuuhamisha kutoka boma la jirani.

Kwa hiyo kila banda liwe na wembe wake mpya. Vyombo vingine vioshwe damu yote kwanza, kisha vichemshwe dakika 20 au zaidi. Viatu visafishwe kabla ya kuingia. Korodani zilizotolewa zizikwe shimo la kina, zisitupiwe mbwa. Makombo ya hotelini yachemshwe kwa nusu saa, kwa kuwa vipande vya nyama ya nguruwe navyo hubeba virusi. Banda liwe na ua usioruhusu ngiri kukaribia.

Nguruwe wakipata homa kali, wakakataa kula, wakawa wekundu masikioni na tumboni, au wakafa ghafla, mfugaji asiuze wala kuchinja kwa haraka. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, Sura ya 364, inamtaka atoe taarifa. Kunyamaza ili kuokoa nguruwe wawili kunaweza kumwangamizia jirani ishirini.

Ndugu wafugaji, mtaalamu wa kijiji si adui, na ujuzi wake ni mali. Akifika bomani akitoa kisu alichotumia jana kwa jirani, aambiwe kwa heshima: "Mzee, karibu. Wembe wa hapa upo, na maji yako motoni."