Akianguka na kichwa, tusimuache alale peke yake

(Maneno tuliyosema mbele ya vijana wa kartye. Tunayaweka hapa kwa wale hawakufika.)

Wale wako inje, muingie, nafasi iko.

Leo hatusemi juu ya barabara wala juu ya umeme. Tuko tunasema juu ya kichwa. Hapa Goma kila mutu anajua: pikipiki ni nyingi, kaske mara nyingi anaivaa motari peke yake, na chini ni mawe ya volkano. Ukianguka, hauangukie majani.

Mwenzetu mumoja alianguka saa tatu ya usiku. Akaamuka yeye mwenyewe, akakunguta vumbi, akacheka, akasema niko bien. Tulimupeleka kwake, tukamwambia alale, apumuzike. Saa kumi na moja ya asubui dada yake akasikia anakoroma vibaya. Akamutikisa, hakuamuka. Kwa mulango wa hospitali walituomba franga kwanza. Tulichangisha kwa telefone, huyu dola mbili, huyu dola tatu. Alikufa mbele ya saa sita. Sisi wote tuko na diplome, na hakuna hata mumoja aliyejua kama kule kukoroma kulikuwa alama.

Kichwa ni sanduku la mufupa, halipanuke. Mushipa ukipasuka ndani, damu inajikusanya pole pole na kufinya bongo. Njo maana mutu anaweza kuamuka, kuzungumuza, hata kula, kisha masaa yakipita anaanza kupotea.

Tusidanganyane: damu ya ndani inatolewa na munganga mupasuaji, si na sisi. Mutu akipigwa kichwa vikali, njia ya kwanza ni hospitali. Lakini kuna usiku hakuna kupita. Mwezi wa kwanza 2025 risasi zilikuwa zinalia mu kartye na hospitali zimejaa, tuliyaona wote. Usiku kama ule tufanye nini?

Kwanza pumzi. Mwenye kupoteza fahamu akilala chali, ulimi na matapishi vinafunga koo. Tunamugeuza kwa ubavu. Mumoja anakamata kichwa kwa mikono miwili ili shingo isijipinde, wengine wanageuza mwili, wote pamoja kwa hesabu. Hapana kumumwangia maji mu kinywa, yataingia mu mapafu. Na ile desturi yetu ya kumukalisha katikati ya watu wawili juu ya pikipiki, kichwa kinaninginia, tuiache. Mulango uliong'olewa unabeba mutu amelala. Hata chukudu, ukitandika ubao juu.

Damu ya inje inatisha kuliko hatari yake, juu ngozi ya kichwa inatoka damu mingi. Kitambaa safi, finya dakika kumi bila kuchungulia. Lakini ukisikia mufupa umebonyea, usifinye pale, funika na ufunge pole. Maji meupe ao damu ikitoka kwa sikio ao kwa pua, usizibe.

Sasa usiku wenyewe. Wengine wanasema asilale hata kidogo. Hapana. Anaweza kulala, lakini mutu akeshe naye. Masaa mawili ya kwanza mumuamushe kila nusu saa, masaa mane yanayofuata kila saa, kisha kila masaa mawili mpaka kesho yake. Kumuamusha si kumusikia anaguna tu: afungue macho, aseme jina lake, tuko siku gani, afinye mikono yako yote miwili. Mulika macho na torshe ya telefone, uangalie kama mboni ziko sawa. Andika saa na majibu kwa karatasi, munganga atauliza.

Akitapika mara kwa mara, kichwa kikizidi kuuma, maneno yakichanganyika, mukono ao muguu ukilegea, mboni moja ikiwa kubwa kuliko ingine, mwili ukitetemeka, ao anakoroma na hafunguke macho: moja tu inatosha. Pale munatafuta njia, hata kama ni mvua, hata kama ni kuamusha jirani mwenye gari. Muzee, mutoto mudogo, na mwenye kunywa dawa za kuzuia damu isigande, hao musingojee alama.

Kwa maumivu, parasetamoli peke yake. Aspirini na ibuprofeni zinaweza kuongeza damu. Dawa ya usingizi hapana. Pombe hapana, na tunajua kuna wale wanaileta "ya kumutuliza". Ukimupa, asubui hautajua kama ni pombe ao ni bongo inamufanya asijibu.

Akipona, asirudi mu mupira wiki ile. Na kama ni muzee, mumuangalie wiki kadhaa, damu ingine inachelewa sana kuonekana.

Kwa wakubwa wa hospitali na wa afya tunasema hivi: mutu wa kichwa apokelewe kwanza, franga ifuate. Tunaandika barua, kila kartye itatia sahihi. Karatasi iko hapa mbele, kwa meza.

Siku ya posho tutarudi hapa kwa mazoezi ya kugeuza mutu. Mukuje na kitambaa na telefone yenye moto.