Kuona Ukuta Uliofukiwa: Picha za Angani na Magofu ya Kilifi



Magofu ya Gede yalianza kulindwa kisheria mwaka 1927, na mwaka 2024 UNESCO ikayaingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Lakini mabaki ya kale ya pwani hayaishii kwenye ua wa Gede. Mengine yamo chini ya mahindi na mikorosho, na machimbo ya mawe hayangoji mtaalamu.

Hapo ndipo picha za angani zinasaidia. Ukuta wa mawe ya matumbawe ukifukiwa, udongo ulio juu yake huwa haba na hukauka upesi. Mahindi ya hapo hudumaa na kugeuka manjano mapema. Yaliyo juu ya shimo la zamani, penye udongo mwingi na unyevu, hurefuka. Mkulima aliyesimama shambani huona mavuno mabaya tu. Droni huona mstari, kona, pengine chumba kizima.

Penye msitu hutumika laida. Miale ya leza hurushwa kutoka kwenye ndege, michache hupenya kati ya majani hadi ardhini, kisha kompyuta huiondoa miti pichani. Caracol, mji wa kale wa Wamaya nchini Belize, watafiti walikuwa wamepima kwa miguu kilomita 23 za mraba kwa miaka 25 hivi. Mwaka 2009 ndege ilipima 200 kwa siku chache.

Hata hivyo, mstari ulionyooka huweza kuwa mpaka wa shamba au bomba la maji. Nazo nyumba za udongo na makuti huacha alama hafifu mno. Lazima mtu afike, na anayejua vigae hutokea wapi ni mwenye shamba. Kwenye makaya, kurusha droni bila idhini ya wazee ni utovu wa adabu, hata kibali cha serikali kikiwepo.

Sheria ya mwaka 2006 inamtaka anayegundua mabaki ya kale kuyajulisha Makavazi ya Taifa ndani ya siku 7. Wengi hunyamaza wakihofia shamba. Hofu hiyo si ya kubezwa, ila taarifa peke yake haimwondoi mtu shambani: eneo hutangazwa na waziri katika Gazeti la Serikali, na pingamizi hupokelewa. Ukuta uliokwisha kusagwa kuwa kokoto hauonekani tena na droni yoyote.

Kigae kiachwe palepale kilipoonekana, mahali papigwe picha kwa simu, na taarifa ipelekwe Makavazi, Gede au Fort Jesus.