Kuanza Kusomea Unesi Ukiwa Mtu Mzima

Leo najibu swali lililoletwa na mama mmoja wa Likii, hapa Nanyuki. Ana miaka 32, ana watoto wawili, na anafungasha maua katika shamba moja upande wa Timau. Anauliza: "Sista, mimi sijawahi kufanya kazi hospitalini hata siku moja. Je, naweza kuwa nesi?"

Ndiyo mama, unaweza. Mimi mwenyewe niliingia chuo nikiwa na miaka 29, nimetoka kuuza duka la nafaka. Siku ya kwanza wodini nilishika mlango nisianguke, kwa harufu tu ya dawa. Wasichana waliotoka sekondari juzi walishika mlango uo huo. Hakuna aliyezaliwa akijua kufunga kidonda.

Kozi ya kuanzia haidai uwe umefanya kazi hospitalini. Unafundishwa kwanza darasani, unajaribu kwa mwanasesere wa mazoezi, halafu unapelekwa wodini ukiwa na mwalimu. Kinachotazamwa ni cheti chako cha kidato cha nne. Kwa diploma ya uuguzi wa jamii, ambayo huchukua kama miaka mitatu, uwe na C ya jumla, na C katika Baiolojia na katika Kiingereza au Kiswahili. Hesabu, Kemia au Fizikia, moja wapo isipungue C ya kutoa. Cheti cha zamani bado ni cheti. Kitoe kwenye sanduku ukitazame kabla ya kuota ndoto.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo watu wazima wengi huumia. Ukiwa na kazi na watoto, unatafuta kozi fupi, ya jioni au ya wikendi. Na wa kukuuzia yupo. Shemeji yangu aliuza ng'ombe wawili akalipa karo ya miezi sita katika chuo kimoja ambacho sitakitaja. Alipewa sare nyeupe na cheti chenye muhuri mkubwa. Alipokwenda kutafuta kazi ya unesi, aliambiwa cheti hicho kinamfanya msaidizi wa kutunza wagonjwa, wala si nesi. Kazi ya msaidizi ni ya heshima, wazee wetu wanahitaji kuogeshwa na kulishwa. Lakini yeye alidanganywa, na ng'ombe hawakurudi.

Nchini Kenya, hakuna nesi bila leseni ya Baraza la Wauguzi. Ndiyo sheria. Baraza lina orodha ya vyuo lilivyovikubali. Ukijiunga na chuo halali, unaandikishwa kwa Baraza na kupewa nambari yako ya mwanafunzi. Bila nambari hiyo hutaufanya mtihani wa leseni, hata ukisoma miaka kumi. Basi kabla ya kulipa, uliza mambo mawili: je, chuo kimo katika orodha ya Baraza, na kozi hii hasa imo? Usiridhike na jibu la mwenye chuo. Uliza Baraza lenyewe.

Huku kwetu mlimani vyuo vya kweli vipo. KMTC, chuo cha serikali kilichoanza mwaka 1927, kina tawi Nyeri, Meru na Embu. Hospitali za misheni pia zimefundisha wauguzi kwa miaka mingi: Tumutumu karibu na Karatina, Mathari pale Nyeri, na Chogoria upande wa pili wa mlima.

Sitakuficha, mama: hutaweza kufungasha maua mchana na kusoma unesi usiku. Ni masomo ya siku nzima, na wodini kuna zamu za usiku. Kwa hiyo panga kwanza nani atakaa na watoto, uweke akiba ya kodi na chakula, ndipo uandike barua ya kuacha kazi. Kuhusu karo, wanafunzi wa KMTC wanaweza kuomba mkopo wa HELB, na basari ya eneo bunge haiangalii kama una watoto. Mimi chama chetu cha akina mama kilinibeba mwaka wa kwanza. Niliwalipa polepole, wa mwisho alinicheka sana nilipompelekea pesa.

Jambo la afya sasa. Chanjo ya homa ya ini aina ya B ni sindano tatu, ya pili baada ya mwezi mmoja na ya tatu baada ya miezi sita. Anza mapema, usingoje kuchomwa na sindano ya mgonjwa. Na ukichomwa, osha kwa sabuni na maji, mwambie mkubwa wako saa hiyo hiyo. Dawa za kuzuia Ukimwi huanzwa ndani ya saa 72, na kila saa unayochelewa ni hasara. Wanafunzi hunyamaza kwa kuogopa kugombezwa. Afadhali ugombezwe.

Kama hujui moyo wako utastahimili, zungumza na wahudumu wa afya wa jamii wa kijiji chako, wale waliopewa mikoba ya vifaa mwaka 2023. Omba kufuatana nao nyumba mbili tatu, wenyeji wakikubali. Utaona wagonjwa kitandani, watoto wachanga, vidonda vya kisukari. Utajijua.

Mama wa Likii, niko kliniki ya watoto Jumanne na Alhamisi. Njoo na cheti chako na jina la chuo ulichoambiwa, tukiangalie pamoja. Usilipe hata shilingi kabla hujafika. Kwaherini.