Makucha ya Trekta: Namna ya Kuyachagua na Kuyatumia

(Hotuba ya Halmashauri ya Mitambo mbele ya wajumbe wa Mkutano Mkuu wa mwaka wa kumi)



Twamshukuru Mungu aliyetufikisha katika mwaka wa kumi wa Chama Kikuu chetu. Wengine watasimama leo kuyasifu yaliyopita, nayo yastahili sifa. Sisi wa Halmashauri ya Mitambo tumepewa kazi ya kusema juu ya jambo lililo mbele yetu. Mkutano huu utaulizwa kama fedha za wanachama zitumike kununua makucha ya kufungwa mbele ya trekta ndogo ya Chama. Fedha hizo zilikatwa kidogo kidogo katika kila kilo ya kahawa mliyoileta ghalani. Kwa hiyo ni haki yenu kujua chombo hiki ni kitu gani, chafaa kazi gani, na chaweza kuleta hasara gani.

Wazee wetu husema, mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo humkemea mvivu atafutaye udhuru, nayo ni ya kweli kwa jembe. Lakini katika mitambo kuchagua ni nusu ya kulima. Jembe baya humchosha mtu mmoja kwa siku moja. Mtambo usiofaa huwachosha wanachama wote kwa deni la miaka mingi.

Mfano mkubwa wa jambo hili tunao katika nchi yetu. Baada ya vita kuu ya pili, Serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa karanga, na kazi ikaanzia Kongwa mwaka 1947. Walikusudia kufyeka zaidi ya ekari milioni 3, nyingi zikiwa katika Tanganyika. Wakaleta matrekta mengi yaliyokwisha kutumika vitani, na hata vifaru vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Pori la Kongwa likawashinda: mizizi ilivunja vyuma, na ardhi wakati wa kiangazi ilikuwa ngumu kama tofali. Mpango ukaachwa mwaka 1951, baada ya kula pauni zipatazo milioni 36. Mitambo ile haikukosa nguvu. Ilikosa kupimwa kwanza na kazi ya mahali pale.

Sasa tueleze makucha yenyewe. Hufungwa mahali pa ndoo, kwenye mikono ya mbele ya trekta. Chini yana meno marefu ya chuma yaliyoachana, na juu yana taya moja au mbili zinazofungwa kwa nguvu ya mafuta yasukumwayo na pampu. Meno hupita chini ya vichaka vilivyokatwa, visiki vya mibuni mizee vilivyokwisha kung'olewa, mawe au magogo. Taya hushuka na kushika. Udongo huanguka kati ya meno ukabaki shambani kwake. Kazi ambayo vijana wangeifanya kwa kuchomwa na miiba na kuumia viuno, dereva mmoja huimaliza akiwa kitini.

Katika kuchagua, jambo la kwanza ni uzito. Kitabu cha kila trekta hutaja kilo ambazo mikono yake yaweza kuinua. Tuseme kitabu chasema kilo 450, na makucha yenyewe yana uzito wa kilo 180. Zinazobaki kwa mzigo ni kilo 270 tu. Tena kipimo hicho mara nyingi huchukuliwa kwenye pini za mikono. Mzigo ukikaa mbele zaidi, nguvu hupungua. Sasa lichukueni gogo la mkaratusi mbichi lenye urefu wa meta 3 na unene wa sentimeta 30: uzito wake wapata kilo 210. Unene ukifika sentimeta 40, uzito wafika karibu kilo 380. Kwa macho magogo hayo hayatofautiani sana. Kwa trekta, la kwanza huinuliwa, na la pili laweza kuyainua magurudumu ya nyuma. Kwa sababu hiyo makucha makubwa si lazima yawe bora. Kila kilo ya chuma iliyozidi ni kilo ya mzigo iliyopotea.

Jambo la pili ni upana. Kwa trekta ndogo yatosha makucha yenye upana wa sentimeta 120 hadi 150. Yenye taya moja ni mepesi na bei yake huwa nafuu. Yenye taya mbili hushika vizuri mzigo usio sawa, kama vile gogo upande mmoja na kichaka upande wa pili, kwa kuwa kila taya hujifunga yenyewe. Tazameni pia kama silinda na mipira ya mafuta vimekingwa kwa chuma, maana kijiti kimoja chaweza kuukata mpira na kuisimamisha kazi ya siku nzima.

Jambo la tatu ni njia ya mafuta. Matrekta mengi madogo yana njia mbili tu kwa mbele, ya kuinua mikono na ya kuinamisha ndoo. Makucha yahitaji njia ya tatu ya kufungua na kufunga taya. Valvu, mipira na kazi ya fundi vina gharama zake. Muuzaji aulizwe bei ya chombo kikiwa kimefungwa na kinafanya kazi, wala si bei ya chuma kilicholala dukani. Aulizwe pia kama vishikizo vyake vyalingana na vile vya trekta yetu.

Tukija kwenye matumizi, kwanza dereva na akumbuke kwamba trekta ndogo si buldoza. Asikikimbilie kisiki kwa kasi, wala asisukume kwa jino moja la pembeni, kwani mikono hupinda. Kisiki huchimbwa pande zote, mizizi hukatwa, ndipo makucha huja kukichukua.

Pili, nyuma ya trekta lazima pawe na uzito: sanduku la zege, au zana nzito iliyofungwa kwenye mikono mitatu ya nyuma. Wanachama wenzetu, mashamba yetu mengi yamo mitelemkoni, na hapa twaomba msikilize sana. Katika matrekta mengi madogo breki hushika magurudumu ya nyuma. Mzigo wa mbele ukiyafanya mepesi, breki hushika gurudumu lisiloshika ardhi, na trekta huteremka ipendavyo. Kwa hiyo uzito wa nyuma usikosekane, magurudumu yote manne yavute, mzigo ukae chini karibu na ardhi na uelekee upande wa mlimani. Dereva apande akienda mbele, na ashuke akirudi nyuma polepole.

Tatu, gogo lisiinuliwe juu, kwa maana likiponyoka laweza kubingirika juu ya mikono hadi kwa dereva. Nguzo za kinga ziwe zimesimama na mkanda wa kiti uwe umefungwa. Mtu yeyote asipite chini ya makucha yaliyoinuliwa, hata kwa dakika moja ya kuokota panga.

Nne, uvujaji wa mafuta usitafutwe kwa kidole. Mafuta yatokayo katika tundu dogo kama la sindano hupenya ngozi. Jeraha huonekana dogo, lakini mtu aweza kupoteza mkono. Tumieni kipande cha katoni kutafuta uvujaji, na aliyepenywa apelekwe hospitali saa ile ile. Kabla ya kufungua mpira wowote, makucha yashushwe chini, injini izimwe, na msukumo wa mafuta utolewe.

Mwisho, mali bila daftari hupotea bila habari. Trekta iwe na daftari lake: saa zilizofanywa, shamba gani, grisi iliyotiwa lini kwenye pini, nani aliyeendesha. Madereva wawe wawili, waliofundishwa na kujaribiwa, wala ufunguo usitolewe kwa mwingine, hata kama ni kiongozi anayeuomba.

Bwana Mwenyekiti, hatukuja kuwasukuma wajumbe wanunue, wala kuwazuia. Twaomba tu kwamba kabla ya mikono kuinuliwa, Chama kiwe kimeandika majibu matatu: trekta yetu yainua kilo ngapi baada ya kutoa uzito wa makucha, gharama yote pamoja na valvu na kazi ya fundi ni shilingi ngapi, na ni madereva gani wawili watakaofundishwa. Majibu hayo yakipatikana, kura yenu itakuwa kura ya watu wanaojua mali yao. Yasipopatikana, fedha zikae benki, na mapanga yaendelee na kazi mpaka yapatikane.