Chumvi za Kuhifadhi Nyama

Leo twataka kusema nanyi habari za chumvi zinazotiwa katika nyama ili ikae siku nyingi. Twawakumbuka hasa ndugu zetu wa Tarakea na Rombo nzima, kwa kuwa kila mwezi wa Desemba watoto wao hurudi kutoka mijini, ng'ombe na mbuzi huchinjwa, na nyama hubaki.

Katika jiko la Mchaga mna chumvi ya kawaida na magadi. Chumvi ya kawaida huvuta maji yaliyomo katika nyama, na vijidudu visipopata maji haviwezi kuzaana. Ndiyo sababu nyama iliyokatwa vipande vyembamba, ikatiwa chumvi, ikaanikwa juani au kutundikwa juu ya meko penye moshi, hukaa. Magadi ni kitu kingine: hulainisha maharagwe katika kiburu, wala si dawa ya kuhifadhi nyama.

Taabu huanza mtu atakapo kufanya soseji za kutundika, au kuhifadhi paja zima la nguruwe. Humo ndani hewa haifiki, na chumvi huchelewa kuingia. Basi kuna kijidudu kikaacho udongoni, ambacho hustawi mahali pasipo hewa, na sumu yake ni kali kuliko sumu zote tuzijuazo. Aliyeila huona kitu kimoja kuwa viwili, kope humlegea, kumeza humshinda, mwisho pumzi humwishia. Tena nyama yenye sumu hiyo huenda isinuke wala isibadilike sura. Mwaka 1895, katika kijiji cha Ellezelles, Ubelgiji, wapiga muziki waliokuja mazikoni walikula paja la nguruwe lililotiwa chumvi, watatu wakafa. Mtaalamu Emile van Ermengem alilichunguza paja lile akakigundua kijidudu hicho.

Kinachokizuia ni chumvi iitwayo naitriti. Watu wa kale walitumia shura, nayo hugeuka naitriti ndani ya nyama yenyewe. Hiyo ndiyo iifanyayo nyama ya kopo kuwa nyekundu, hali nyama tuichemshayo nyumbani hugeuka kijivu. Waliopata kula nyama ya makopo ya Tanganyika Packers, ya Dar es Salaam, wataikumbuka rangi ile.

Walakini naitriti nayo ni sumu. Ikizidi, damu hushindwa kuchukua hewa, na midomo huwa ya samawati. Kwa hiyo huchanganywa na chumvi ya kawaida, na mara nyingi mchanganyiko hutiwa rangi ya waridi usidhaniwe kuwa chumvi ya mezani. Ule wenye naitriti sehemu 6 na robo katika 100, kipimo chake ni gramu 2 na nusu kwa kila kilo ya nyama, kwa mizani, si kwa kukisia. Iko michanganyiko mingine, basi maandishi ya pakiti yasomwe kwanza. Tena mwaka 2015 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba kula nyama za namna hii huongeza hatari ya saratani ya utumbo. Sisi twaona mwenye kuanika vipande vyembamba hana haja ya naitriti; mwenye kutundika soseji asithubutu bila hiyo.

Na kimeta hakifi kwa chumvi yo yote, wala kwa moshi. Mnyama aliyekufa ghafula asichunwe. Bwana mifugo apewe habari siku ile ile.