Kina cha Kupandia Ngano

Ndugu wakulima, mvua ikikatika mapema unyevu hushuka, nasi hushawishika kuufuata kwa kupanda chini zaidi. Hapo ndipo mbegu hupotea. Chipukizi la ngano hupenya udongo likiwa ndani ya ala. Ala ikikoma kabla ya kufika juu, jani hujikunja na kufia ardhini. Ngano nyingi fupi, tunazozipenda kwa kuwa hazilali ovyo, zina jeni zinazofupisha shina na ala pamoja. Watafiti wa Australia wanatumia jeni nyingine, Rht18, inayofupisha shina pasipo kuipunguza ala, ili mbegu iote hata ikifukiwa sentimita 10. Kabla ya kupanda, otesheni punje chache gizani, kisha mzipime ala zake kwa rula.