MWALIMU ARUDI DARASANI

Somo juu ya mashine zinazojibu maswali

(Somo hili lilisomwa redioni, nalo limepigwa chapa hapa kwa ajili ya madarasa ya watu wazima. Mmoja na asome kwa sauti, polepole, na wengine wafuate kwa macho.)

Natumaini mmekwisha kaa, na kila mtu ana daftari lake na kalamu yake.

Leo tutazungumza juu ya kazi ya mwalimu. Huenda mmesikia kwamba siku hizi walimu huitwa kwenye mafunzo juu ya mashine zinazojibu maswali. Wengine husema, "Mwalimu amekwisha soma miaka mingi. Ya nini kurudi darasani?" Wengine husema, "Kama mashine yajua kila kitu, mwalimu ni wa nini?" Maswali haya ni mema. Tutayajibu yote mawili.

Kwanza tujue jina. Huko Tanzania wengi huiita elimu hii akili mnemba. Huko Kenya wengi husema akili unde, yaani akili iliyoundwa. Wengine husema akili bandia. Majina ni matatu, kitu ni kimoja.

Jambo lenyewe si la jana. Mwaka 1950 Mwingereza mmoja, Alan Turing, aliandika makala akiuliza kama mashine zaweza kufikiri. Mwaka 1956 wataalamu walikutana katika chuo cha Dartmouth, Marekani, wakalichunguza jambo hilo. Kwa miaka mingi lilibaki mikononi mwa wataalamu. Kisha, tarehe 30 Novemba 2022, kampuni ya Marekani iitwayo OpenAI ilitoa programu yenye jina la ChatGPT. Tangu hapo watu wa kawaida wakaanza kuiandikia mashine swali na kupata jibu kwa maneno kama ya mtu.

Sasa, mashine hii hujibuje? Tufanye jaribio. Mimi nitaanza, ninyi mmalize. Haraka haraka haina... Bila shaka mmesema: baraka. Haba na haba hujaza... Mmesema: kibaba. Je, mlipima kibaba? Hamkupima. Mlijua neno lifuatalo kwa sababu mmelisikia mara nyingi.

Mashine hufanya kazi inayofanana na hiyo. Imelishwa maandishi mengi mno: vitabu, magazeti na kurasa za intaneti. Imefundishwa kukisia neno lifuatalo, kisha jingine, kisha jingine, mpaka jibu zima likamilike.

Haya, tufanye jaribio la pili. Jirani yangu wa mkono wa kulia anaitwa... Hamjui. Mtu mwaminifu atasema, "Sijui." Lakini mashine pengine hainyamazi. Kazi iliyofundishwa ni kuweka neno, basi yaweza kuweka jina lolote linalofaa mahali pale: labda Juma, labda Hamisi. Tena yaweza kuliweka kwa yakini ile ile iliyotumia kusema kibaba. Haikusudii kudanganya, maana haina nia. Lakini asiyejua atadanganyika.

Mashine za siku hizi ni bora kuliko zile za kwanza, na nyingine hutafuta habari katika intaneti kabla ya kujibu. Hata hivyo makosa hayajaisha. Na kwa kuwa maandishi ya Kiswahili ziliyolishwa ni machache kuliko ya Kiingereza, yatupasa sisi kuangalia zaidi.

Mwaka 2023 hatari hii ilionekana wazi mjini New York. Mawakili wawili walikuwa wakimwakilisha mtu aliyelishtaki shirika moja la ndege. Mmoja wao aliiomba mashine hukumu za zamani za kuitilia nguvu kesi yao. Ikampa hukumu zenye majina na maneno ya majaji. Zikapelekwa mahakamani. Upande wa pili ulipozitafuta haukuziona, kwa sababu hukumu hizo hazikuwako kamwe. Mwezi wa Juni jaji aliwatoza faini ya dola 5,000.

Basi fikirini. Wakili ni mtu aliyesoma sana, na bado alidanganyika kwa kuwa hakuhakikisha. Mtoto wa darasa la sita je?

Wako waliosema, "Tuizuie." Mwezi wa Januari 2023 idara ya elimu ya mji huo huo wa New York ilizuia ChatGPT katika kompyuta za shule zake. Mwezi wa Mei mkuu wa elimu akatangaza kwamba katazo limeondolewa, na kwamba walimu watasaidiwa kujifunza matumizi yake. Mtoto aliyezuiwa shuleni aweza kuikuta mashine ile ile katika simu ya nyumbani, wala pale hapana wa kumwongoza.

Shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, UNESCO, nalo lilitoa mwongozo mwaka 2023. Lilishauri kwamba mtoto aliye chini ya miaka 13 asiachwe kutumia mashine hizi peke yake. Mwaka 2024 likatoa mwongozo mwingine, wa walimu hasa. Umetaja mambo 15 ya kujifunza, katika mafungu 5 na ngazi 3. Na fungu la kwanza halihusu vyuma wala waya. Lahusu binadamu: kwamba mtu ndiye mwenye kuamua, na mashine ni chombo chake.

Sasa tuone mwalimu hufundishwa nini katika mafunzo mema. Nitataja mambo manne.

Jambo la kwanza ni kuhakikisha. Mwalimu aweza kuiambia mashine, "Nipe hesabu kumi za kugawanya, juu ya mama auzaye nyanya sokoni." Mara moja atapata hesabu kumi, na usiku wake umepungua kazi. Hiyo ni faida ya kweli. Lakini kabla ya kushika chaki, sharti azifanye zote kumi mwenyewe. Kama mashine imesema nyanya 96 zikitiwa katika mafungu 8 kila fungu lapata 13, mwalimu aliyehesabu ataona ni 12. Asiyehesabu atawafundisha kosa watoto wote wa darasa.

Jambo la pili ni kutunza siri. Jina la mtoto, alama zake, ugonjwa wake na shida za nyumbani kwao si maneno ya kuandikwa katika mashine ya kampuni ya mbali. Ukimwambia mwalimu siri ya mwanao, umemwambia yeye.

Jambo la tatu ni kutoa kazi itakayomfanya mtoto afikiri. Mwalimu akisema, "Andikeni insha juu ya faida za miti," mashine itaiandika kwa dakika moja. Mtoto atanakili. Daftari litapendeza, na kichwa kitabaki vilevile. Mwalimu aliyefundishwa atasema, "Nenda kamwulize bibi yako ni miti gani iliyokuwa kando ya mto alipokuwa msichana, na sasa iko wapi. Andika kwa mkono wako, kesho utusomee." Siku nyingine ataleta insha iliyoandikwa na mashine aseme, "Haya, tafuteni makosa yake." Hapo mtoto si mwenye kunakili tena. Amekuwa hakimu.

Jambo la nne ni haki. Ziko programu zinazodai kutambua maandishi ya mashine na maandishi ya mtu. Nazo hukosea. Hata OpenAI yenyewe ilikuwa na programu ya namna hiyo, ikaiondoa mwezi wa Julai 2023 kwa kuwa haikuwa sahihi vya kutosha. Mwalimu asiyejua hayo aweza kumwita mtoto mwizi, na kumbe aliandika mwenyewe. Mwalimu ajuaye humwambia kwa upole, "Nieleze kwa maneno yako ulichoandika." Aliyeandika atajieleza. Asiyeandika ataonekana, na atafundishwa.

Basi jibu la swali letu la kwanza ni hili: mwalimu hurudi darasani kwa sababu chombo hiki hakimpunguzii haja ya kujua. Humwongezea. Na jibu la swali la pili? Mashine yaweza kutoa jibu, lakini haimwoni mtoto. Haioni kwamba Asha aliyekaa nyuma hasomi ubao kwa sababu macho yake hayafiki, wala kwamba Musa amesinzia kwa kuwa hakula tangu jana. Mwalimu huona.

Sasa nawe, msomaji mtu mzima. Usidhani somo hili ni la walimu na watoto tu.

Zamani mtu asiyejua kusoma alikwenda kwa mwandishi wa barua. Alisema maneno yake, mwandishi akayaandika, yeye akatia dole gumba. Mwandishi mwema aliandika yaliyosemwa. Mwingine aliongeza yake. Mwenye barua hakuwa na njia ya kujua.

Mashine hii ni mwandishi mpya wa barua. Kwa simu zilizo na programu hizo waweza kusema maneno, nayo ikakuandikia barua nzuri yenye heshima. Ni msaada mkubwa. Lakini ni nani atakayeisoma barua hiyo kabla hujatia sahihi? Tuseme umesema kwamba shamba lako umelikodisha kwa mwaka mmoja, na karatasi imeandikwa umeliuza. Ni neno moja tu, lakini shamba limekwenda. Msomaji ataliona neno hilo kwa kidole chake, mstari kwa mstari. Asiyesoma atatia dole gumba kama babu zake.

Ndiyo maana nasema, msiwasikilize wanaowacheka mnapokuja darasani jioni na kuwaambia, "Kusoma ni kwa nini, na mashine zipo?" Kwa kuwa mashine zipo, ndipo kusoma kumezidi kuwa ngao. Na katika mambo ya dawa, sheria na fedha, usiishie kwenye jibu la mashine. Mwendee mganga wa zahanati, mwanasheria au mtu wa benki, umwulize uso kwa uso.

Tena mkiitwa kwenye mkutano wa wazazi, msikae kimya. Simameni mwulize kwa adabu: Je, walimu wetu wamefundishwa kutumia mashine hizi? Je, majina ya watoto wetu yanalindwa? Je, mtoto hujaribu mwenyewe kwanza kabla ya kuiuliza mashine? Mwalimu mwema hatachukia. Atafurahi kuona kwamba hayuko peke yake.

Sasa fungeni masikio kwa redio, mfungue daftari.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini mashine yaweza kutoa jibu lisilo la kweli kwa maneno ya yakini?

2. Mwalimu afanye nini kabla ya kuandika ubaoni hesabu alizopewa na mashine?

3. Mama sokoni ana nyanya 96. Akizitia katika mafungu 8, kila fungu litakuwa na nyanya ngapi? Fanyeni hesabu wenyewe, msiamini niliyosema.

4. Taja karatasi moja ambayo hungependa kutia sahihi bila kuisoma. Eleza sababu.

5. Andika sentensi tatu kwa mkono wako juu ya jambo unalolijua wewe na ambalo halijaandikwa katika kitabu chochote.

Swali hilo la mwisho mlitafakari vizuri, kisha kila mtu asome sentensi zake mbele ya wenziwe. Kwaherini, ndugu zangu, na Mungu akipenda tutasikilizana tena wiki ijayo.